Simba wa katuni na swali la "wewe ni wa nani?"

SWALI

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili katika ushirika wetu wa Moravian huku Kiwira, wilaya ya Rungwe. Likizo ya Juni tunaweka kambi ya watoto ya siku tatu, wa miaka 8 hadi 13, na mada tuliyopewa ni "Mimi ni nani, na Mungu aliniumbia nini?" Mwanangu ameniwekea kwenye flashi katuni ya The Lion King, ile ya zamani. Nimeitazama mara mbili nikaona inaingia kabisa kwenye mada. Lakini mzee wa kanisa mmoja aliposikia akasema katuni hiyo imejaa uganga na mizimu, haifai kwa watoto wa kanisa. Sitaki kubishana naye. Je, naweza kuitumia? Na kama naweza, nifundishe nini hasa?

JIBU

Marahaba, mwalimu wangu. Mwana-Kondoo ameshinda. Najua umeshaitikia "tumfuate" kimoyomoyo, na salamu hiyo yetu Wamoravian uishike, nitaihitaji huko mbele.

Jibu fupi ni hili: itumie, ila usiionyeshe yote, na usifundishe lile somo ambalo karibu kila mtu hulichota humo. Pia mzee wako ana hoja kuliko unavyodhani. Nianze na yeye, kwa sababu ukimruka yeye kambi itaacha manung'uniko hata kama watoto watafurahi.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: ni katuni ya Walt Disney ya mwaka 1994, ya dakika 88, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na ilitengenezwa upya mwaka 2019. Mwana-simba aitwaye Simba anazaliwa mrithi wa mfalme Mufasa. Baba yake mdogo, Scar, anamuua Mufasa katikati ya nyumbu wanaotimua mbio, kisha anamwaminisha mtoto kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo cha baba yake. Mtoto anatoroka, anaokotwa jangwani na ngiri Pumbaa na mwenzake Timon, anakulia huko bila habari za kwao, mpaka nyani mzee Rafiki anapomfuata. Anarudi, Scar anashindwa, mvua inanyesha.

Sasa mzee wako. Katika katuni hiyo Mufasa anamwonyesha mwanawe nyota na kumwambia kwamba wafalme waliotangulia wanawatazama kutoka huko. Rafiki anatembea na fimbo iliyofungwa vibuyu na anampaka mtoto kitu kwenye paji la uso. Marehemu baba anatokea mawinguni, anaongea na mwanawe, na mwanawe anafuata alichoambiwa. Mtoto wa London akiona hayo anaona hadithi. Mtoto wa Kiwira anaona kitu ambacho bibi yake ana jina lake.

Tena huku kwetu simba na mganga ni habari moja tangu zamani. Miaka ya 1930 na 1940 maeneo ya Njombe yalikuwa na simba waliokula watu, mpaka bwana nyama (ofisa wa wanyamapori) George Rushby alipofanikiwa kuwawinda. Wananchi wengi hawakuamini kuwa ni simba wa kawaida, walisema wametumwa. Mtu aliyelelewa na wazazi waliofunga milango kabla jua halijazama kwa sababu ya simba wa kutumwa hawezi kufurahia kumwona simba na mzee wa vibuyu kwenye kitambaa cheupe ndani ya jengo la kanisa. Usimwite mshamba. Amekiona kitu ambacho wewe, kwa kuzoea muvi, kimekupita.

Lakini kukiona si lazima kuwe sababu ya kukificha. Watoto hao wataiona tu, kama bado hawajaiona kwenye kibanda umiza au kwenye simu ya kaka. Afadhali waione wakiwa na wewe, ukisimamisha pale kwenye nyota na kusema waziwazi: hapa hadithi hii inasema jambo ambalo sisi hatuliamini. Wafundishe tofauti ya kukumbuka na kuomba. Wahehe walipolipokea fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wao aliyepigana na Wajerumani, pale Kalenga mwaka 1954, walikuwa wanamkumbuka mtu wao, na hakuna Mkristo wa kuwalaumu kwa hilo. Kumwendea marehemu akupe maelekezo ya maisha ni jambo jingine, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 linalikataza bila kuzunguka. Hata Waebrania 12 inapotaja "wingu kubwa la mashahidi" linalotuzunguka, mstari unaofuata hautuambii tuliangalie wingu. Unasema "tukimtazama Yesu". Watoto wa Rungwe wanajua mawingu vizuri. Wape huo mfano, watauelewa haraka kuliko wenzao wa Dodoma.

Hayo yakishasemwa, twende kwenye mada yenyewe.

Neno "kujitambua" limevuma mno siku hizi. Kuna semina za kujitambua, vitabu vya kujitambua, na vijana wanaambiwa wajitazame ndani mpaka wajue wao ni nani. Wengi wanaoitumia The Lion King kanisani huishia hapohapo: Simba alisahau yeye ni nani, akakumbuka, akawa mfalme, nawe mtoto ukumbuke wewe ni mwana wa Mfalme. Amina, tukale.

Nimefundisha somo hilo mimi mwenyewe, na ndilo lililonifundisha adabu. Ilikuwa Makete, miaka mingi iliyopita, kwenye mkutano wa watoto. Nilikuwa nimeshiba maneno: "Kumbuka wewe ni nani! Mkumbuke baba yako!" Baada ya somo, binti mmoja aliyekuwa akilelewa na bibi yake akanifuata kwa adabu, akaniuliza, "Mchungaji, mimi baba simjui. Nitakumbuka nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpa biskuti. Mpaka leo nikiikumbuka biskuti ile naona aibu.

Unajua hali ya mikoa yetu. Njombe, Iringa na Mbeya imekuwa kwa miaka mingi juu ya wastani wa taifa kwa maambukizi ya VVU, na kambi yako haitakosa watoto waliozika baba, au mama, au wote. Wengine walizika wakiwa wadogo mno kubaki na sura ya mzazi kichwani. Injili inayoanza na "kumbuka" imewaacha hao nje ya mlango.

Nilirudi nyumbani nikaitazama tena katuni ile, safari hii kwa makini, nikagundua kwamba nilikuwa sijaisikiliza. Rafiki anapomkuta Simba porini, Simba anamuuliza yeye ni nani. Mzee anamgeuzia swali: wewe ndiye nani? Simba anajibu kwamba alidhani anajua, sasa hana uhakika. Hapo Rafiki hamwambii "jitafute". Anamwambia yeye anamjua: ni mtoto wa Mufasa. Na sauti ya mawinguni, kabla ya kutaja ufalme, inamwita mwana.

Mwalimu, hilo ni swali la kwetu kabisa. Mtoto akipita njiani Tukuyu au Ilembula akamkuta mzee asiyemfahamu, haulizwi "wewe ni nani?" Anaulizwa "wewe ni wa nani?" Ni mtoto wa nani, wa nyumba ipi, bibi yake ni yupi. Jina lake lenyewe linafuata baadaye, wakati mwingine halifuati kabisa. Wazungu wana lao. Sisi tangu zamani tulijua kwamba mtu hujulikana kwa aliye wake. Herufi mbili tu, "wa", na somo lako lote la siku ya kwanza limo humo.

Biblia nayo inaanzia hapo. Yesu alipobatizwa Yordani alikuwa hajaponya mtu, hajahubiri, hana mwanafunzi hata mmoja. Marko 1:11, sauti inasema, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Kazi ilikuja baadaye. Isaya 43:1 ni fupi kiasi kwamba watoto wataikariri kabla ya uji kupoa: "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Msisitizo uweke kwenye "u wangu".

Na yule binti wa Makete? Kama ningekuwa na akili siku ile ningemfungulia Isaya 49. Mungu anauliza kama mama anaweza kumsahau mtoto anyonyaye, na kwa ukweli unaouma anakiri kwamba yawezekana. Kisha anasema, "lakini mimi sitakusahau wewe. Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Simba alitakiwa kukumbuka. Mtoto wa Mungu amekumbukwa, hata kama yeye hana cha kukumbuka. Mshikishe kila mtoto kalamu aandike jina la mwenzake kwenye kiganja chake mwenyewe, ashinde nalo mpaka jioni, wasinawe nalo haraka. Na tafadhali usimwambie yatima yeyote kwamba baba yake yuko juu kwenye nyota anamtazama. Ni maneno matamu, lakini ndiyo hasa mzee wako anayoyapinga.

Nikija kwenye hatia, hapa ndipo katuni ina utajiri mkubwa kuliko watu wanavyoona, na hapa ndipo inapofika mwisho wa uwezo wake.

Scar hakumuua Simba kwa makucha. Alimuua kwa sentensi. Alimwambia mtoto aliyelala pembeni ya maiti ya baba yake kwamba kosa ni lake, akimbie asirudi. Maisha yote ya Simba baada ya hapo yamejengwa juu ya uongo huo. Usidhani ni hadithi ya wanyama tu. Wapo watoto katika vijiji vyetu walioambiwa "wewe ndiye uliyemuua mama yako" kwa sababu mama alifariki akijifungua. Wapo walioambiwa wana mkosi, au wana mkono wa uchawi. Wengine wamesikia mara moja tu, kwa hasira ya shangazi, na wamebeba mpaka ukubwani. Ufunuo 12:10 inamwita Shetani "mshitaki wa ndugu zetu". Simamisha katuni pale, kaa kimya kidogo, uwaulize watoto: aliyesema hivyo alikuwa anasema kweli? Usimlazimishe mtoto yeyote kusimulia ya kwake mbele ya wenzake. Anayetaka kusema atakufuata jikoni wakati unaosha sufuria.

Timon na Pumbaa usiwaponde. Wahubiri hupenda kuwafanya mfano wa ulimwengu unaopotosha, na ni kweli wimbo wao wa hakuna matata (maneno ambayo watalii huyasema kuliko wauzaji wa soko la Mwanjelwa) unafundisha kuyapa mambo mgongo. Lakini wao ndio waliomkuta jangwani tai wakimzunguka, wakamwokoa. Kuna Msamaria hapo. Kosa lao ni kumpa dawa ya kusahau mtu anayehitaji dawa ya ukweli. Na utani wa kula wadudu, usitegemee watoto wako watacheka kwa kinyaa. Wanaofukuzana na kumbikumbi kila mvua za kwanza watauliza tatizo liko wapi. Ngiri, lakini, ataleta kitu kizuri: ni ndugu wa nguruwe, na yule kijana wa Luka 15 naye alikuwa kwenye nchi ya mbali pamoja na nguruwe "alipozingatia moyoni mwake".

Sasa mpaka wa katuni ni huu. Simba anapona kwa sababu ilibainika kwamba hakutenda. Scar mwenyewe anamnong'oneza mwishoni kwamba yeye ndiye muuaji. Je, mtoto ambaye kweli alitenda? Aliyeiba hela ya ada akaiponda, aliyemsukuma mdogo wake akavunjika mkono? Katuni haina neno kwake. Petro hakusingiziwa. Alimkana Bwana mara tatu, mbele ya watu, akiota moto wa makaa uani usiku wa baridi, Yohana 18. Kisha fungua Yohana 21: Yesu amefufuka, amewasha moto wa makaa ufukweni, ameweka samaki na mkate, na anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Hakumwambia "yaliyopita si ndwele". Alimrudisha kwenye harufu ileile ya makaa, akamponya hapo, na hapohapo akampa kazi: lisha kondoo zangu. Juni Kiwira mnajua wenyewe baridi yake. Jioni ya siku ya pili washa majiko ya mkaa, nje uwanjani, si ndani ya darasa, waketi wakiota, uwasimulie habari hiyo bila katuni yoyote. Nakuhakikishia watakaa kimya.

Mtoto mwerevu atakuuliza kuhusu fisi. Wapo siku zote. Katika katuni fisi ni wabaya kwa kuzaliwa, wanakaa makaburini kwa tembo, na kiongozi wao amepewa jina la Shenzi. Watoto watacheka jina hilo. Waache wacheke, halafu uwaulize kama wanajua nani waliitwa washenzi. Misafara ya pwani ilipokuwa ikipanda bara, neno hilo lilikuwa letu sisi, watu wa milimani. Kwa hesabu ya katuni hii, mwalimu, mimi na wewe hatukuwa simba. Tulikuwa upande wa fisi. Na wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, waliyoyasoma kwa watu waliotajwa kwa jina hilo ni maneno kama ya Efeso 2:19: "Basi tangu sasa ninyi si wageni wala wapitaji, bali ninyi ni wenyeji pamoja na watakatifu, watu wa nyumbani mwake Mungu." Walikuwa na makosa yao, lakini maneno hayo walikuja nayo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema katuni hii ni Injili iliyovaa ngozi ya simba. Katika The Lion King unakuwa mwana kwa damu. Ukizaliwa fisi, shauri yako. Warumi 8:15 inasema tulipokea "roho ya kufanywa wana". Tulifanywa. Hakuna kati yetu aliyezaliwa ndani ya jumba hilo.

Cha kufurahisha, wenye katuni wenyewe kama waliona pengo hilo. Mwaka 2024 ilitoka nyingine inayosimulia utoto wa Mufasa, na humo Mufasa si mwana wa mfalme hata kidogo. Ni mtoto aliyepotezana na wazazi kwa mafuriko, akafika kwenye kundi la wageni, na mama wa nyumba hiyo, Eshe, akamlea pamoja na mwanawe wa kuzaa, Taka. Mwenye damu ya kifalme ndiye anayekuja kuwa Scar. (Taka! Mtu aliyempa mtoto jina hilo angeuliza Mswahili mmoja tu kwanza.) Kama una muda mdogo, msimulie binti wa aina ya yule wa Makete habari ya mtoto aliyeletwa na mto akapata mama. Itamfaa kuliko ile ya mrithi.

Na hapa ndipo ninapoihitaji salamu yetu. Watoto watataka kusema Simba ni Yesu. Kuwa mwangalifu, 1 Petro 5:8 humwita Ibilisi "simba angurumaye", na watoto wa Idodi na Pawaga, jirani na hifadhi ya Ruaha, wanajua simba kama mnyama anayevunja zizi usiku. Lakini fungua Ufunuo 5. Yohana analia, mzee mmoja anamwambia asilie, kwa kuwa "Simba aliye wa kabila ya Yuda" ameshinda. Yohana anageuka amwone simba huyo, na anachokiona ni Mwana-Kondoo aliyesimama, kama amechinjwa. Simba wa katuni anashinda kwa kupigana ukingoni mwa mwamba. Wa kwetu alishinda kwa kuchinjwa. Watoto wenu wanaitamka salamu hiyo kila Jumapili bila kujua kwamba nyuma yake yuko simba. Waambie.

Kuhusu kusudi sitasema sana, maana mkishaelewa "wa nani" hilo linakuja karibu lenyewe. Hofu yangu ni kwamba watoto watoke kambini kila mmoja akitaka kuwa mfalme. Tumehubiriwa vya kutosha kwamba sisi ni kichwa na si mkia, mpaka hakuna anayetaka kufagia kanisa. Waonyeshe badala yake kile kipande cha asubuhi Mufasa anapomfundisha mwanawe kwamba ufalme ni kutunza uwiano wa viumbe wote, tangu chungu hadi swala. Scar anapotawala, nchi inakauka. Sisi hatuhitaji katuni kuona hilo. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, kwa namna tunavyochota maji na kulisha mifugo kule Usangu. Mwanzo 2:15 inasema mwanadamu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Kupanda miti kwenye chanzo cha maji cha kijiji ni kusudi la Mungu kwa mtoto wa darasa la tano, na anaweza kuanza Jumatatu.

Na kwa mtoto anayedhani mwenye kusudi ni lazima ajulikane, una mfano mlangoni kwako. Rafiki wa kwenye katuni ni mandrili, nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun ambaye huku hayupo. Sisi tuna kima wetu, kipunji. Anaishi kwenye misitu ya mlima Rungwe, unaouona ukitoka nje ya kanisa lenu. Wanasayansi walimbaini mwaka 2003 na kumtangaza 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi (kundi la kisayansi) yake mwenyewe yenye jina la mlima huo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Karne ngapi aliruka matawini Mungu akimlisha, hayumo kwenye kitabu chochote? Efeso 2:10 inasema sisi tu kazi yake Mungu, na matendo mema aliyatengeneza "tokea awali". Haisemi kwamba matendo hayo yatapigwa picha.

Mambo ya vitendo, haraka. Vipande vinne vinatosha: mafundisho ya asubuhi, nyota, uongo wa Scar, na Rafiki porini hadi mawinguni. Kwa pamoja havimalizi nusu saa, na ukiwa na projekta ya kukodi umeme hautakusumbua sana. Kifo cha Mufasa kwenye kundi la nyumbu usikionyeshe. Kisimulie tu kwa mdomo, kwa sauti ya chini. Kimombo cha katuni kisikutie hofu, zima sauti pale inapobidi, simulia mwenyewe. Usitumie nakala zilizotafsiriwa na madijei, utani wao si wa kambi ya kanisa. Na hiyo nakala ya kwenye flashi, muulize mwanao ameitoa wapi. Tafuta nakala halali, hata kama ni ya kuazima.

Mzee wako mwendee kabla ya kambi, nyumbani kwake, si kwenye kikao. Mwambie alikuwa na haki kuhusu nyota na vibuyu, na kwamba unaomba aje siku ya kwanza. Kile kipande cha nyota kikiisha, zima projekta, mpe kiti katikati ya watoto, awasimulie alichosikia kwa wazazi wake kuhusu simba wa Njombe, watu walivyoogopa, na nani aliyekuja kuwatoa kwenye hofu hiyo. Akianza kusimulia, usimkatize kwa sababu ya ratiba. Uji unaweza kusubiri.